Petković mmemwachaje?
Orodha yenu ya frikiki kali za Amerika Kusini iko poa ila kumwacha Petković wa Flamengo mmetukosea jamani. Fainali ya Carioca (ubingwa wa jimbo la Rio, Brazil) 2001, uwanja wa Maracanã, Flamengo wanaongoza 2-1 na bado hiyo haitoshi, lazima wawapige Vasco kwa tofauti ya mabao mawili, dakika ya 88 yule Mserbia anaukunja toka mbali, Helton kipa wa Vasco karuka weee wapi, juu kabisa kwenye kona, ubingwa huo. Alafu Chilavert wa Paraguay, kipa mzima, anawatungua Argentina kwao Buenos Aires 1996 nae mnampa mstari mmoja tu?? Ya Juninho wa Vasco dhidi ya River Plate ya Argentina 1998 sawa mmeiweka, ndo iliwapeleka Vasco fainali ya Libertadores (kombe la klabu za Amerika Kusini) wakabeba, mi ningeipa namba 2