Ukiipata barua ya kitapeli, usiifute kimya kimya

Huku Mtwara msimu wa korosho na msimu wa bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, hukaribiana. Minnada huanza Oktoba, wazazi wa Tandahimba na Newala wanaingiziwa malipo benki, vyuo vinafunguliwa, ada inadaiwa, mkopo unasubiriwa. Kila mwanafunzi anachungulia simu, na tapeli kalenda hiyo anaijua.

Ndipo inapoingia barua pepe: "Ndugu Mwanafunzi, taarifa zako za benki hazijahakikiwa. Hakiki ndani ya saa 24, la sivyo fedha zako za kujikimu zitarudishwa." Chini kuna kitufe cha bluu. Nembo ya chuo ipo, Kiswahili kimenyooka. Ule ushauri wa kutafuta makosa ya lugha umeshapitwa na wakati, maana siku hizi akili mnemba inamwandikia tapeli barua safi kabisa.

Tazama anwani, si jina lililowekwa juu yake. Jina mtu hujiandikia apendavyo; liguse, anwani kamili itajitokeza. Kiungo nacho usikibofye. Kibonyeze bila kuachia mpaka kionyeshe kinakokupeleka, halafu usome jina la tovuti kuanzia mwisho wake. Vyuo vyetu hutumia .ac.tz na ofisi za serikali .go.tz, lakini lazima hizo herufi ziwe mwishoni mwa jina. Ukiona "chuo.ac.tz.hakiki-mkopo-hapa.com", hiyo si ya chuo, mwenye tovuti ni huyo wa mwisho. Na kile kikufuli kinachokaa pembeni ya jina la tovuti kisikudanganye. Kinaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, hakisemi aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Zipo pia za kutisha zaidi. Akaunti ya mhadhiri ikiibwa, barua inatoka kwenye anwani yake halali. Hapo mpigie, kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Wengi wetu hayo tunayajua. Kinachoniudhi ni kwamba tukishatambua, tunafuta na kunyamaza: mimi sijanaswa, yaishe. Barua hizi haziji kwa mtu mmoja. Ukiwaarifu watu wa TEHAMA mapema, wanaweza kukizuia kiungo kwenye mtandao wa chuo na kuiondoa barua kwenye akaunti za wenzako, akiwemo yule aliyeko field Nanyumbu atakayewasha data jioni. Usitume skrinishoti peke yake. Itume barua yenyewe kama kiambatisho, kwa sababu ndani yake kuna rekodi ya njia iliyopitia, na skrinishoti haiibebi rekodi hiyo. Zikija kwa meseji za simu, zipeleke 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Lakini nimeona pia kwa nini watu hunyamaza. Binti wa mwaka wa kwanza alifika ofisini, hapa hapa mjini, kusema ameshajaza nywila yake. Alijibiwa mbele ya foleni nzima: "Nyie watoto mnapenda sana vya bure." Binti aliinamisha kichwa akaondoka, na wawili waliokuwa nyuma yake wakaondoka pia. Hawakurudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamfanya tapeli kuwa mkosaji, si aliyetapeliwa, na ofisi haina haki ya kugeuza mambo. Yule binti alistahili shukrani, halafu msaada wa haraka: kubadili nywila, kutoa akaunti yake kwenye vifaa vyote, kukagua kama mwizi ameiwekea amri ya kupeleka barua zake kwingine kwa siri, na kuipigia benki kama alijaza taarifa za kadi.

Ninachotaka kwa vyuo vyetu hakihitaji bajeti. Iwekwe anwani moja ya kuripoti na namba moja ya simu, zibandikwe maktaba, kantini na hosteli kabla bumu halijaingia. Na ofisi ziache kutuma matangazo rasmi kwa anwani binafsi za Gmail zenye viungo vya fomu ndani. Mwanafunzi aliyezoeshwa kujaza namba yake ya usajili kwenye fomu iliyotoka anwani yoyote tu, tutamwambiaje aitilie shaka ya tapeli?