Mkurugenzi Bila Dagaa

Jamani, mimi ni mkurugenzi. Msicheke. Hapa Mwanga, Kigoma, mnaniona nauza vocha na mawese ya kupima, lakini kwenye daftari la BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, nimo, majina yote matatu na namba ya NIDA, mkurugenzi wa kampuni ya kusafirisha dagaa. Mke wangu ndiye hasahau cheo changu. "Mkurugenzi, chumvi imeisha."

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, na jamaa tunayemwita Kapteni, ingawa akipanda mtumbwi pale Kibirizi hutapika kabla kamba haijafunguliwa. Aprili 2018 tukasikia kuna tenda, wanataka kampuni, siyo mtu. Tukachanga, tukasajili, tukachonga na mhuri. Tenda ikaenda kwa wengine. Dagaa hatukuuza hata kisado. Tukajua kampuni imejifia, maana kitu usichokilisha si hufa?

Thubutu! Kampuni ni mtu kisheria, na mtu huyu hali, halali, hafanyi kazi, ila kila mwaka anadaiwa ritani, yaani taarifa yake ya mwaka kwa Msajili wa Kampuni. Shilingi 22,000. Ukichelewa, 2,500 kila mwezi, kwa kila ritani. Juzi nilitaka kuifufua kwa ajili ya mkopo. Kijana wa steshenari akafungua mfumo, akavuta kikokotoo, akanyamaza. Kijana yule huwa hanyamazi. Ritani sita hazijapelekwa. Ile ya 2019 peke yake ina miezi 72, yaani faini ya laki na themanini. Zote pamoja, faini 630,000, ada 132,000. Na hapo mkaguzi wa hesabu hajatia mguu. Hesabu gani sasa? Atakagua mhuri, ambao mwanangu anagongea madaftari yake ya darasa la tatu?

Simlaumu mtu, fomu tulisaini wenyewe.

Nikaenda kwa wakili. Nikamwambia, mheshimiwa, hii kampuni naomba tuizike. Akavua miwani. Akasema kuna kumwachia Msajili aifute: anaandika barua kuuliza kama bado mnafanya biashara, mkikaa kimya anatangaza kwenye Gazeti la Serikali, kisha jina linaondoka. Nikafurahi, maana kukaa kimya tunaweza. Akaongeza kwamba hata ikifutwa, dhima za wakurugenzi hubaki shingoni mwao. Furaha ikaisha. Halafu barua yenyewe ingefika wapi? Ofisi tuliyoandikisha siku hizi ni kibanda cha chipsi. Ukihama unatakiwa umjulishe Msajili, sisi hata mwenye nyumba hatukumjulisha.

Njia ya pili, kuifunga kwa hiari. Wakurugenzi tunaapa kwamba kampuni inaweza kulipa madeni yake yote ndani ya miezi 12, tunateua mfilisi wa kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Yaani niape kwa Mungu kwamba ina uwezo! Ina mhuri na kiti cha plastiki, na kiti anacho Kapteni.

Ya tatu, Mahakama Kuu. Mwanahisa anaweza kuomba kampuni ivunjwe kwa sababu ni haki kufanya hivyo, au alalamike kwamba wenzake wanaiendesha kwa kumkandamiza. Nikauliza, na kama hawaiendeshi kabisa? Wakili akatazama saa yake. Nikakumbuka analipwa kwa muda.

Akasema nafuu ni kulipa deni kwanza, kisha tupitishe azimio maalumu la kuifunga, robo tatu ya kura. Hisa tuligawana sawa kwa sawa, kwa hiyo mmoja akija kikaoni akapinga, wawili hatutoshi; heri tukubaliane wote watatu. Shemeji akakubali. Kapteni siku hizi yuko Uvinza, nikampigia, nikamweleza yote tangu mwanzo, salio likiyeyuka. Akanisikiliza kwa adabu kabisa.

Kisha akasema, "Sawa, Mwenyekiti. Lakini mimi ni mkurugenzi, siwezi kuja kikaoni hivi hivi. Nauli na posho inatoka fungu gani?"