Mama mdogo hakatai kulipa

Jumanne nimefika kwa mama mdogo wangu pale Gungu, Kigoma, nimekuta banda lake limepigwa kufuli ambalo si lake, na mlangoni wameandika kwa rangi nyekundu FUNGA. Anatengeneza sabuni ya mawese, mwaka wa sita huu. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, sabuni za wiki mbili ziko ndani zinakauka, oda ya duka moja la Mwanga ilikuwa itoke kesho yake, na mkononi kashika kopo la maziwa ya unga anamoweka risiti zake zote. Akalifungua akaniambia mwanangu nisomee, hapa ni ipi ambayo sina?

Nikasoma zote. Leseni ya mwaka huu ipo. Kodi ipo. Ada ya usafi ipo, karatasi ya kupima afya ipo, mpaka risiti za 2021 zimefifia maandishi lakini zipo. Iliyokosekana ni moja ambayo yule bwana aliyefunga ndiye mtu wa kwanza kuitaja katika miaka yote sita.

Jamani, hili linaniuma kweli. Kila mjadala wa serikali na wafanyabiashara wadogo unakimbilia kodi kubwa kodi ndogo, na sikatai kodi inauma, lakini mimi nimekaa na huyu mama na nimemuona akilipa. Halalamiki kulipa. Kinachommaliza ni kutojua. Mwezi huu anakuja huyu, mwezi ujao anakuja yule, kila mmoja na fomu yake, na kila mmoja anaanza mwanzo kama vile wenzake waliomtangulia hawakuwahi kufika. Mtu ukijua tarehe fulani nadaiwa laki moja, unajipanga, kila katoni ikitoka unaweka buku mbili pembeni. Sasa deni usilolijua unaliwekeaje akiba? Na ukianza kufuatilia hiyo karatasi, nenda rudi, leo mhusika yuko kikaoni, kesho yuko safari, bodaboda buku nne kwenda na kurudi, na siku uliyoshinda kwenye benchi la ofisi hakuna mawese yaliyochemshwa.

Matokeo yake watu wanajificha. Mama mdogo ana pipa moja la kuchemshia, na wateja wa mapipa mawili anao. Mwaka mzima nimemwambia ongeza, anasema moshi ukiwa mkubwa utaitisha wageni. Mwezi uliopita ndo akakubali, tukaenda Ujiji kwa fundi akaanza kutuchomelea la pili.

Wala si Kigoma peke yake. Mwaka 1983 kule Peru mchumi Hernando de Soto na wenzake waliamua kusajili kikarakana kidogo cha kushona nguo pembezoni mwa Lima, kihalali kabisa, wafuate kila hatua waone itachukua muda gani. Siku 289. Rushwa waliombwa mara 10, na mara 2 ikabidi watoe kwa sababu jaribio lisingeendelea. India nako, mpaka mageuzi ya 1991, viwanda vingi vilihitaji kibali hata cha kuongeza uzalishaji, yaani mtu ana wateja wanasubiri na mashine anazo lakini anasubiri muhuri. Nikisoma hayo namuona mama mdogo na pipa lake.

Na inawezekana kufanya tofauti. Georgia, ile ya kule Kaukasia, mwaka 2005 walipitisha sheria kwamba ukiomba kibali na ofisi ikakaa kimya mpaka muda uliowekwa upite, umeshakipata. Ofisi ndiyo inayohesabiwa siku! Hapa siku zote anahesabiwa mwombaji.

Kwetu pia tuliwahi kuonja. Vile vitambulisho vya wajasiriamali vya Desemba 2018, shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Najua kuna watu walibebeshwa kwa nguvu na hilo halikuwa sawa. Lakini waulize kina mama wa dagaa Kibirizi walikipendea nini, watakwambia unalipa mara moja, kiasi unakijua, unakivaa shingoni unaendelea na kazi.

Hata kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Nilikasirika sana, familia nyingi hapa zinakula kwa dagaa na miezi mitatu si mchezo. Ila lazima nikiri kitu kimoja, tarehe zilijulikana. Waliokuwa na kidogo walikausha mapema wakatunza, wengine wakahamia kwenye mawese na mise, zile kokwa za michikichi. Sheria ngumu yenye tarehe mtu anaweza kuishi nayo.

Watu huwa wanatutolea mfano wa Rwanda, na kweli kusajili kampuni kule ni kazi ya saa chache. Kwenye ile ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara, ya 2020, wao walikuwa wa 38 na sisi wa 141 kati ya nchi 190. Lakini ripoti yenyewe ilifutwa 2021 baada ya kugundulika takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa, na muda wote ilikuwa inapima zaidi kampuni za mji mkubwa wa biashara. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Banda la Gungu hakuna aliyelipima.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni kitu kizuri, ila unakopaje wakati hujui kesho nani anafunga mlango?

Sisemi kusiwe na ukaguzi. Kostiki ikizidi kwenye sabuni inachuna ngozi ya mtoto, lazima mtu akague. Ninachotaka ni orodha moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani pale mtu anapochukulia leseni, karatasi zote, bei zake, tarehe zake, na kisichoandikwa pale asije mtu kukidai.

Ijumaa wamekuja kufungua. Duka la Mwanga lilishachukua sabuni kwa mtu mwingine. Mama mdogo akamuuliza yule kijana kwa upole kabisa, baba, kuna nyingine iliyobaki? Akajibu, kwa upande wetu sisi ni hiyo tu mama.

Jioni akanipigia simu, nimwambie fundi wa Ujiji asimame kwanza na lile pipa.