Kwa nini alitenda: mwandishi aseme au anyamaze?

Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, mjumbe wa mfalme anashuhudia jambo asilolielewa. Adili, liwali anayesifiwa kwa wema, huwachapa manyani wawili usiku. Kwa nini mtu wa huruma afanye ukatili wa namna hiyo? Mfalme Rai anamwita ajieleze, na sisi tunasogea kusikiliza. Hapo ndipo tunajua kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria, naye analazimika kuwaadhibu kila usiku kwa amri ya jini huyo.

Kitabu hiki hutolewa mfano kila mtu anapotaka kusema kwamba riwaya zetu za mwanzo zilieleza kupita kiasi. Majina yenyewe yanatoa siri: ukishasikia Hasidi, huulizi tena kwa nini alishiriki kumtosa nduguye baharini. Lawama hiyo ina ukweli, maana Hasidi hana siku hata moja ya kusitasita. Lakini wanaoitoa husahau jinsi sababu ya kile kipigo ilivyocheleweshwa. Tumeshaona kitendo, tumeshahangaika nacho, ndipo maelezo yanakuja, tena kutoka kinywani mwa mshitakiwa anayejitetea mbele ya mfalme. Maelezo yanayokuja baada ya swali husomwa kwa njaa. Yakitangulia, swali halizaliwi kabisa.

Upande wa pili una ushauri wake, unaosikika sana siku hizi miongoni mwa waandishi chipukizi: onyesha kitendo, usitaje sababu, msomaji atang'amua. Baadhi ya wakongwe hujibu kwamba huo ni mtindo wa kuazima, kwamba hadithi zetu husema waziwazi. Sikubaliani nao. Uswahilini mwanamke anaweza kupita mbele ya mlango wa mke mwenzake amejifunga kanga yenye maneno makali, asimtaje mtu, asifungue kinywa, na mtaa mzima ukajua ugomvi umefika wapi. Mafumbo ni mali yetu ya siku nyingi.

Ila kanga ile inasomeka kwa sababu mtaa unajua habari za nyuma: nani aliolewa kwanza, nani kajengewa nyumba. Mgeni aliyeshuka leo kwenye basi ataona nguo tu. Hapa ndipo waandishi wengi wa mafumbo wanapokosea. Wanaficha sababu, wanaficha na habari za nyuma ambazo zingemsaidia msomaji kuitafuta, kisha wanamlaumu kwa uvivu. Na wakati mwingine, ukimuuliza mwandishi faraghani mhusika wake alitaka nini, unagundua naye hajui.

Uwazi nao una mahali pake pa lazima. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, msimulizi hafichi chanzo cha maafa. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, na msichana aliyelelewa kwa hofu namna hiyo, akifika mbali na macho ya baba, hajui uhuru unatumiwaje. Wapo wanaoona tunatafuniwa. Mimi naona kitabu kile kilihitaji kusema. Katika jamii iliyozoea kutamka kwamba binti kaharibika mwenyewe, kuliacha suala la malezi gizani kungemwacha Rosa abebe lawama peke yake.

Shule zetu zimeongeza shinikizo lao. Mwanafunzi wa fasihi huulizwa sifa za mhusika na ushahidi wake, na mwandishi anayetamani kitabu chake kiteuliwe hujikuta akipanda ushahidi huo kila ukurasa: "Alikuwa mtu mwenye tamaa, ndiyo maana akaiba." Sentensi ya namna hii naichukia kwa dhati. Inamfanya mhusika kuwa jibu la mtihani kabla hajawa mtu.

Kazi inayonishawishi zaidi juu ya jambo hili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz akiwa mtoto, na Khalil anamweleza bila kuzunguka kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Deni, biashara, misafara ya bara, vyote vinasemwa. Lakini mwishoni, wakati askari wa Wajerumani wamepita wakikamata watu kwa nguvu, Yusuf aliyekuwa amejificha salama anakimbia kuwafuata kwa hiari yake. Gurnah hatuelezi moja kwa moja kwa nini. Nimewasikia wasomaji wakilalamika kwamba wamenyimwa haki yao. Mimi nadhani wamepewa yote wanayohitaji: kijana aliyewekwa rehani, aliyesafirishwa kwa uamuzi wa wengine, asiye na mlango hata mmoja ulio wake. Anakimbilia kitu, au anakimbia kitu? Mwandishi angechagua jibu moja hapo, lile lingine lingekufa, na ndani ya Yusuf naamini yote mawili yalikuwa hai.