Wageni wa Kujitolea na Malaria ya Visiwani: Kazi Ipi Imebaki?

Kila inapofika Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga, huanza kushuka Unguja na Pemba vijana waliokuja kujitolea katika mambo ya afya, na wengi wao huwa wameambiwa kwamba malaria ndiyo kazi inayowangoja. Nia yao sina sababu ya kuitilia shaka. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, karibu wote barani Afrika, na sehemu kubwa yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwenye huruma akiisikia hesabu hiyo hukosa raha. Jambo la kupima ni kama mikono hiyo inalingana na kazi iliyopo Zanzibar sasa, kwa sababu kazi yenyewe imebadilika mno ndani ya miaka ishirini, na naona wanaowatetea wageni hawa na wanaowapinga mara nyingi hubishana juu ya malaria ya zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zipo sehemu za visiwa hivi ambapo kila watoto kumi wakipimwa, wanne walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2003 dawa mseto, yaani dawa mbili za malaria zinazotumiwa pamoja, ilianza kuchukua nafasi ya klorokwini, iliyokuwa imeshashindwa na vimelea hivyo. Vikafuata vyandarua vyenye dawa na, kuanzia 2006, upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, ile inayobaki ukutani ikiua mbu. Haikuchukua miaka mingi kiwango kikashuka chini ya asilimia 1, ilhali Tanzania Bara, hata katika upimaji wa 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa kiasi cha asilimia 8. Fedha nyingi za mafanikio haya zilitoka nje, hasa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani ulioanzishwa 2005. Kwa hiyo anayesema kwamba mgeni hajawahi kutusaidia anaukana ukweli ulio mbele ya macho yake.

Hata hivyo, fedha ni jambo moja na mtu wa kuifanya kazi ni jambo jingine. Katika siku ambazo nusu ya wodi ilijaa watoto wenye homa, hata mgeni asiye na ujuzi alikuwa na la kufanya: kubeba marobota ya vyandarua, kuandika majina, kusaidia kuvitundika. Malaria inapokuwa chache kiasi hiki, kazi huwa ya kumtafuta mgonjwa mmoja mmoja. Tangu 2008 vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za wagonjwa kwa simu, na utaratibu ukakua hadi kufikia pale ambapo mgonjwa mmoja akithibitika, afisa wa ufuatiliaji wa wilaya hupata ujumbe, hupanda pikipiki, huenda hadi nyumbani kwake na kuwapima wote wanaoishi naye. Akifika hupiga hodi, na baada ya salamu huanza maswali. Je, umesafiri siku za karibuni? Ulilala wapi? Nani mwengine alilala hapa wiki iliyopita?

Ugumu wa kazi yote uko katika maswali hayo. Aliyelala nje huenda alikuwa kwa mke wa pili, au kwenye dago la wavuvi, au analinda mpunga bondeni usiku kucha. Kijana aliyetoka bara kuja kulima kwa ujira huenda akafichwa na mwenyeji wake kwa kuogopa kuulizwa juu ya mambo mengine. Majibu ya namna hii hutolewa kwa mtu anayejulikana ni mtoto wa nani, tena mara nyingi sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji (shehia), akiwa amesimama pembeni. Mgeni wa wiki sita, hata awe mwerevu vipi, atajibiwa kwa heshima, ataletewa maji ya dafu, na hataambiwa lililo kweli. Kuweka mkalimani hakutatui jambo hili, kwa maana mkalimani huyo, akifundishwa kidogo na kulipwa posho, angeweza kuifanya kazi yote peke yake.

Lugha ina uzito zaidi ya huo. Mama wa kijijini Micheweni, Pemba, anaposema kwamba mwanawe amepatwa na degedege, neno hilo limebeba mambo mawili: dalili ya malaria kali iliyofika kwenye ubongo, na itikadi ya miaka mingi kwamba mtoto ameingiliwa na shetani na huenda akahitaji mganga kabla ya daktari. Mhudumu wa kujitolea wa shehia hulijua neno hilo kwa maana zake zote mbili, na anajua namna ya kumharakisha mama kwenda kituoni bila ya kumvunjia heshima bibi aliyeketi hapo karibu.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi sana. Sehemu kubwa ya malaria inayokutwa visiwani hufika na wasafiri, hasa wanaotoka bara, na vimelea havimuulizi mtu pasipoti. Kijana aliyepita wiki mbili bara kabla ya kupanda boti anaweza kuwa amevibeba mwilini, naye, kwa kuwa hakukulia penye malaria, mwili wake hauna kinga. Anayekuja kusaidia anapaswa kumeza dawa zake za kinga bila kuruka siku na kupimwa mara tu anapoona homa.

Nikiyasema haya, sipendi kuonekana kwamba nawafungia mlango wote. Tangu 1964 China imekuwa ikileta timu za madaktari Zanzibar, na wagonjwa wetu wamefaidika nao, kwa sababu walikuja na taaluma, wakakaa muda wa kutosha na kufanya kazi ndani ya hospitali za serikali. Katika malaria nako wapo wanaohitajika: mtaalamu wa mbu anayeweza kuchunguza ni wepi wanaouma nje ya nyumba mapema jioni, kabla mtu hajaingia ndani ya chandarua, na kama dawa inayopuliziwa bado inawaua, na fundi wa maabara atakayekaa mwaka mzima na kuacha vijana watatu wanaosoma slaidi za damu kwa hadubini vizuri kama yeye. Huyo tumpokee kwa mikono miwili, na mwanafunzi asiye na ujuzi huo asione vibaya tukimwambia kwamba nauli yake ingelipa posho za wahudumu kadhaa wa shehia kwa miezi mingi.

Ukali wangu katika hili unatokana na historia. Malaria imewahi kukaribia kutoweka visiwani. Mradi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 uliipunguza mno, ukasitishwa 1968, na ugonjwa ukarudi; upuliziaji wa miaka ya 1980 uliofadhiliwa na Marekani nao ulikoma, na malaria ikarudi tena. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na ambao wangali wakifanya kazi shehiani ni wale wale waliozaliwa hapo. Upuliziaji nao hufanywa kabla ya masika, Februari na Machi, wakati vyuo vya huko vimefungua na vijana wako darasani.