Nusu uniti ya LUKU inanitosha

Saa mbili usiku, mwezi wa sita, binti wa mwaka wa tatu kasimama mbele ya kaunta yangu, flashi mkononi. Ripoti yake ya utafiti ina kurasa 64 na mwisho wa kuikabidhi ni kesho asubuhi. Tumefika ukurasa wa 11, umeme ukakatika.

Sikuhangaika. Chini ya meza nilikuwa na sanduku jipya, zile wanazoziita pawa stesheni: betri, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na chaja, vyote humo humo, na mpini wa kubebea juu. Ubavuni limeandikwa wati 500 kwa maandishi manene ya njano. Nikachomeka kompyuta, ikawaka. Nikachomeka printa ya leza, ikaanza kuunguruma ikijipasha moto, sanduku likalia pii pii pii, vyote vikazima. Nikajaribu mara tatu. Mara ya tatu yule binti akasema taratibu, "Basi mama, ngoja nikajaribu mjini." Akapanda bodaboda usiku ule na kurasa zake 11 ndani ya bahasha. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Fremu yangu iko Ng'ong'ona, njia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachapa, natoa kopi, naleminati, nasajili watu mtandaoni. Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna jirani anayeniuliza anunue sanduku gani la bei nafuu, na naona wengi wanaelekea kwenye kosa nililofanya mimi: kusoma wati na bei, basi.

Wati zinakuambia sanduku linaweza kusukuma mzigo mzito kiasi gani kwa wakati mmoja. Hazikuambii umeme uliomo ndani ni kiasi gani. Hilo la pili linapimwa kwa wati-saa, na kila mwenye LUKU tayari anazijua hata kama hajui jina lake, kwani uniti moja ni wati-saa 1,000. Sanduku langu lilikuwa na namba nyingine kubwa, 42,000mAh, nikaona hiyo ni betri ya kumaliza wiki. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uizidishe kwa volti za seli zilizomo. Seli za aina ile ni volti 3.7. mAh 42,000 ndizo ampea-saa 42, na 42 mara 3.7 ni wati-saa 155. Yaani nililipia sanduku lisilofikisha hata sehemu ya tano ya uniti moja! Na namba hiyo ya wati-saa ilikuwepo, imeandikwa chini kabisa, maandishi madogo kama ya kwenye dawa.

Halafu printa ya leza. Yenyewe huyeyusha wino wa unga kwa joto ili ushike kwenye karatasi, na sekunde ile inapopasha roli yake inaweza kuvuta wati 800 au zaidi. Sanduku la 500 litakubali vipi? Lilijizima kujilinda, na lilifanya sawa.

Baada ya mwaka likawa halifikishi hata dakika ishirini. Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Sabasaba, mzee mtulivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limekufanyaje hilo?"

Akalifungua (usijaribu mwenyewe, betri za lithiamu ukizigusisha vibaya zinashika moto), akazipanga seli juu ya gazeti moja moja, kila moja ukubwa wa kidole gumba, zimevishwa plastiki ya bluu. Kumi na sita. Akaniambia, "Hizi ni ndugu za zile za laptop. Ukizimaliza kila siku, mwaka mmoja umezichosha." Alisema kweli. Seli za aina ile kwa kawaida huhimili kama mara 500 za kujaza na kumaliza kabla hazijapungua nguvu sana. Aina nyingine, lithiamu ya chuma na fosfati, ambayo kwenye maboksi huandikwa LiFePO4, nyingi hufika mara 2,000, 3,000 na zaidi. Ni nzito kidogo na bei iko juu, lakini pia ni ngumu zaidi kushika moto. Kwa mtu wa biashara, ushauri wangu ni huo: kama boksi halisemi LiFePO4, liache dukani.

Najua utasema bei. Tukae kwenye hesabu. Tuseme sanduku dogo la wati-saa 155 unapewa kwa shilingi 300,000, na la wati-saa 512 lenye LiFePO4 kwa 900,000. La kwanza kwa mara 500, ukitoa asilimia 15 hivi inayopotea kwenye inveta, litakupa uniti 66 maisha yake yote. La pili kwa mara 3,000 litakupa uniti 1,300 na ushee. Kwa hiyo kila uniti ya sanduku "rahisi" imekugharimu zaidi ya shilingi 4,500, na ya lile "ghali" haijafika 700. Yote mawili ni ghali kuliko uniti ya LUKU, ndiyo, lakini unayoinunua hapa ni uniti ya saa ambayo hakuna nyingine.

Kabla ya kununua la pili nilifanya jambo ambalo natamani kila mtu alifanye: niliazima kipima wati, kile kidude unachochomeka ukutani kisha unachomeka kifaa juu yake. Kompyuta ya mezani na skrini yake, 120. Mashine ya leminati ikipata moto, 350. Mashine kubwa ya kopi sikutaka hata kuamini, ilipita 1,200. Nikaelewa kwamba nikitaka sanduku la kubeba vyote hivyo nitauza kiwanja. Sasa kwa nini nisibadili mzigo? Nikaiuza ile kompyuta nikachukua laptop iliyotumika, inavuta 45. Nikaongeza printa ya wino wa maji, ile ya kujaza kwa chupa, ambayo kwa wastani haizidi 10. Ruta ya intaneti 10, taa 9. Jumla 74. Kwa saa tano ni wati-saa 370, na ukiweka kile kinachopotea njiani ni kama 435. Sanduku la 512, nusu uniti tu, linanivusha jioni nzima na akiba inabaki. Kopi kubwa na leminati zinasubiri umeme urudi, na wateja wanaelewa ukiwaambia mapema.

Hesabu hii ndiyo inayotofautisha watu. Kinyozi, mashine zake mbili na taa na redio, hata wati-saa 300 zinamtosha. Dada wa saluni mwenye draya, hapana, draya moja inavuta kuliko fremu yangu mara ishirini. Pasi, jagi la umeme, jiko la koili, sahau kabisa. Friji ni jambo la katikati: ikishatulia inavuta kidogo, lakini kompresa inapoanza inadai mara kadhaa ya hapo kwa sekunde moja, kwa hiyo angalia kwenye boksi namba ya wati za ghafla, zile ambazo sanduku linahimili kwa muda mfupi tu.

Kuna wanaoniambia nichukue betri ya gari na inveta ya pembeni, ndiyo rahisi. Kwa mwenye nyumba yake sina ugomvi, ila betri ya gari imeundwa kuwasha injini, haipendi kumalizwa. Hata zile za sola za maji au jeli ukivuka nusu mara kwa mara unaziua, kwa hiyo 12V 100Ah, wati-saa 1,200 kwenye karatasi, uhesabu 600. Sisi wapangaji, ambao mwenye fremu anaweza kupandisha kodi mwezi ujao, sanduku lenye mpini lina thamani yake.

Sola Dodoma ni neema. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili tu, na hata humo jua halipotei siku nyingi. Lakini paneli ya wati 100 usitegemee 100. Kwa joto letu na vumbi letu mimi naona 65, siku nzuri 75. Naifuta alfajiri ikiwa ya baridi. Kuweni makini na volti: masanduku mengi madogo yanapokea mwisho volti 28 hivi, na paneli moja ya wati 100 ikiwa haina mzigo inatoa kama 22. Ukiunga mbili kwa kufuatana ni 44, umeunguza. Ziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zitabaki 22. Na sanduku lenyewe libaki kivulini, kwenye upepo. Oktoba ndani ya fremu ya bati saa nane mchana betri inachemka yenyewe kabla hujaichomeka popote, na mengi yenye akili yatakataa kuchaji mpaka yapoe.

Angalieni pia nyuma ya boksi: 230V, 50Hz. Yapo ya soko la Marekani yanayotoa 110, bei inavutia, kwetu hayafai. Inveta iwe ya mawimbi laini kama umeme wa ukutani. Zile za mawimbi ya ngazi hufanya feni ivume na printa ichanganyikiwe. Na usimtume ndugu alete kwenye ndege ya abiria. Betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi humo, atanyang'anywa.

Siku ya kununua nilikwenda dukani mjini na laptop yangu, printa na taa ndani ya kapu. Nikamwomba kijana wa duka anijazie sanduku mpaka 100, nichomeke vitu vyangu, nikae saa moja. Alisita. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni ada ya shule ya watoto, niruhusu." Akaniletea kigoda. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wati 74 kwa saa moja zitakula kama asilimia 17. Ikishuka 30, namba ya kwenye boksi ni ya uongo na ninaondoka. Nikachapa kurasa tupu, nikachapa picha, nikafungua mafaili, wateja wananipita. Saa ilipotimia tuliinama wote wawili kwenye kioo chake kidogo. Kilisoma 82. Nikafungua pochi, nikamwomba risiti ya EFD, na dhamana ya mwaka mmoja aiandike kwa mkono nyuma yake na kugonga muhuri.