Manifoldi ya kuweka na kukaza tu

Hakuna kitu kinadanganya kama picha ya spea kwenye simu. Kwenye picha ile manifoldi ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi, weldingi zimepangwa vizuri mpaka unatamani kuzishika, na jamaa anayeuza akaniandikia "kaka hii ni ya kuweka na kukaza tu, hata dereva anafunga mwenyewe". Nikatuma hela.

Kwa wasiojua, naongelea inteki manifoldi, lile bomba linalogawia silinda hewa, ile ambayo mdomo wake wa throto, pale hewa inapoingilia, unaangalia mbele ya gari. Watu wenye taabo, ile feni inayosukumia injini hewa, wanaipenda kwasababu bomba linalotoka intakula, kile kipoozeo cha hewa ya taabo, linakuwa fupi, hewa haizunguki injini nzima ndo iingie. Gari yangu ni Toyota Mark Two, injini 1JZ, silinda sita mstari mmoja, na haina taabo. Hilo tusilijadili.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka kwa fundi wangu, gareji ya chini ya mwembe hapa hapa Dar, na nikamwambia kabisa fundi leo jioni tuna sendofu, mama watoto anaijua hii gari ndo inampeleka, usinitie aibu. Akasema saa nane unaondoka. Fundi wangu ana sifa moja kubwa, hajawahi kusema sijui.

Kuvua ile ya zamani hakukuwa na neno. Nozeli za mafuta zikatoka na reli yake, mabomba ya vakyumu yakachomolewa, nati zikawekwa kwenye kopo la rangi, gasketi ikakwanguliwa. Fundi akamwambia dogo wa gareji azizibe zile njia sita za hewa kwenye hedi, yani kichwa cha injini, nati isije ikadondokea ndani tukalia. Dogo akahangaika, akazunguka nyuma ya gari, akarudi, njia zote sita zimezibwa. Kijana msikivu sana yule.

Sasa tukainyanyua mpya. Matundu ya katikati yakaingia kwenye stadi, zile boliti zilizochomoza kwenye hedi, taratiiibu bila kelele, fundi akanigeukia akatabasamu. Ya pembeni yakagoma. Ukichungulia unaona sehemu ya ncha ya stadi, sehemu nyingine imejificha nyuma ya flenji, lile bamba la manifoldi lenye matundu, yani imepishana kama unene wa njiti ya kiberiti hivi. Na stadi ya milimita nane kwenye tundu la milimita tisa haina pa kuhamia, hata ungeibembeleza mpaka jioni.

Hapo gareji nzima ikawa na ushauri. Jamaa wa bodaboda aliyekuja kujaza upepo akasema ipigwe nyundo. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri Noah yake akasema paka grisi itateleza. Mwingine ipashwe moto itanuke. Fundi akawasikiliza wote, akaleta mtarimbo. "Tunakaza za kati, za pembeni zitajileta zenyewe." Akaweka mtarimbo akaegemea, nikaona stadi ya mwisho inaanza kuinama kwa heshima, nikapiga kelele mpaka mama ntilie akasimama na mwiko mkononi. Jamani hedi yenyewe ni aluminiamu, thredi za huko ndani zikiliwa habari inakuwa nyingine kabisa.

Aliyetuokoa alikuja kwa shida zake. Ni mzee mmoja fundi lesi, mashine ya kuchonga vyuma, kutoka mitaa ya Gerezani, alikuwa amekuja kumdai fundi wangu hela ya siku nyingi. Akakuta kelele, akasahau deni kwa muda, akavaa miwani. Akaomba rula ya chuma, akailaza kwenye flenji, akatuita tuchungulie, kweli mwanga unapita chini yake. Akasema flenji ndefu hivi wakati wa kuichoma inapata moto, ikipoa inajikusanya, na kama hawakuibana sawasawa kwenye meza basi inajikunja, na matundu ya mwisho yanahama. Ya kati yanabaki sababu hayana pa kwenda. Halafu akanyoosha mkono akasema:

"Nipeni rangi ya mdomo."

Kimya. Bodaboda akamwangalia fundi, fundi akaniangalia mimi.

"Lipstiki," mzee akarudia, kidogo kwa hasira. "Nyekundu ndo nzuri."

Kwenye dashibodi ya Mark Two ilikuwepo. Mzee akaifungua, akaizungusha ikatoka yote, na hakupaka kwa kidole kama nilivyotegemea, akaichomeka moja kwa moja kwenye ncha ya stadi, akaizungusha, akaenda stadi inayofuata. Tukainyanyua manifoldi watu wawili, tukaikaribisha ikiwa imenyooka, tukaigusisha, tukaitoa. Ukigeuza flenji unaona kila tundu la pembeni lina busu pembeni yake. Hapo hakuna kubahatisha tena, busu liko upande gani ndo huko huko unakula.

Fundi akakimbilia drili, mzee akamkatalia. Drili inafuata tundu la zamani, itakuvuta kule kule au itang'ata ikurukie. Akachukua tupa ya mviringo, akawa anasugua upande wa busu tu, tundu likawa na umbo la yai, kila akisugua kidogo anaweka gasketi juu anaangalia amebakiza nyama kiasi gani kabla ya kufika kwenye njia ya hewa. Dogo akapewa kioo cha dirisha na msasa, flenji ikalazwa juu yake akawa anaisugua kwa kuizungusha ili ule mkunjo uishe. Wakati huo simu ikaita.

"Baba Jamila, ile lipstiki yangu nyekundu nimeiacha kwenye gari. Usiiache juani itayeyuka."

Nikaiangalia. Ilikuwa juu ya tairi bovu, kivulini. Nikamwambia iko kivulini, na kweli ilikuwa kivulini.

Jaribio la kufunga likawa raha tupu. Dogo akatoa matambaa, gasketi ikakaa, manifoldi ikaingia kwenye stadi zote mpaka fundi akapiga makofi. Mzee akasimamia washa nene, zile pete za chini ya nati, ziwekwe kwenye yale matundu ya yai, nati zote zianzwe kwa mkono kwanza, ndo zikazwe kuanzia katikati kwenda nje kidogo kidogo, akasema atakayeanzia pembeni ampishe aende zake.

Tukawasha. Ikawaka, halafu ikaanza kutetemeka. Silensa, ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haikai, gari inamiss, boneti inacheza ngoma.

Fundi alikuwa anaisubiri hiyo nafasi. "Mzee umetanua matundu, inavuta hewa pembeni." Na kwa haki yake, inawezekana kabisa, hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa inachanganya hesabu ya mafuta na gari inatetemeka hivyo hivyo. Mzee hakubishana, akaomba ile dawa ya kusafishia kabureta, akaipulizia kwenye maungio kuanzia silinda ya kwanza mpaka ya sita pole pole. Kama panavuja, injini inaivuta ile dawa na mlio unabadilika. Mlio haukubadilika. Mzee akakunja mikono. "Flenji yangu haivuji."

Basi zikaanza safari za kwenye soketi za nozeli. Tukichomoa ya kwanza injini inazidi kulia, ya pili hivyo hivyo, tukifika ya tano ukichomoa wala haijali, kumbe silinda ya tano hayupo kazini. Tukabadilisha koili, bado. Plagi, bado. Fundi akaweka bisibisi kwenye nozeli na sikio kwenye mpini, akasema nozeli inagonga vizuri. Watu wa Noah walishaondoka. Mimi nimeshapigiwa simu ambazo nimeacha kuzipokea.

Mzee akasema neno moja tu. "Fungua."

Ikafunguliwa upya yote. Fundi akamulika tochi njia ya tano, akanyamaza, akaomba koleo ya mdomo mrefu. Akavuta. Kikaja kitu cha kijivu, kimelowa petroli, kimejibana kule ndani njia inapogawanyika kwenda kwenye valvu mbili, kikawa kinatoka kwa kujinyoosha, kirefuuu, kina mistari miwili ya bluu na tundu la kidole gumba.

Soksi.

Macho ya watu wote yakashuka kwenye miguu ya dogo. Mguu wa kushoto una soksi ya kijivu ya mistari miwili ya bluu. Wa kulia kiatu kimevaliwa pekupeku.

"We dogo!"

"Mliniambia nizibe sita," dogo akasema, hata hana wasiwasi, "na matambaa yalikuwa matano. Niliisukuma ndani isidondoke. Wakati wa kutoa nikatoa matambaa."

Ukimsikiliza vizuri hakuna pa kumkamata. Mzee akacheka mpaka akavua miwani, halafu akakumbuka kilichomleta, akamgeukia fundi na lile deni lake, na hapo wakaanza kesi mpya ambayo mimi hainihusu.

Gari ilikuja kuwaka vizuri usiku, silensa imetulia kabisa, ila muda huo sendofu ilishafika kwenye keki. Nilikuwa nimeenda nyumbani kwa bajaji, shati lina grisi, mkononi nimeshika lipstiki. Mama Jamila yuko mlangoni kashavaa kila kitu, kabakiza mdomo tu. Akaipokea, akaivuta kifuniko, akainusa, akaigeuza kwenye taa. Katikati ina shimo la duara limenyooka kabisa, lina alama za thredi.

"Hii imefanywaje?"

"Mama Jamila, hiyo amepakwa stadi."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Stadi ndo nani?"